Unamhamishia mkeo Mlandizi, wewe unabaki Kijitonyama

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto wawili, mmoja ana miaka sita na mwingine miwili. Nina miaka 37, mke wangu 31. Tumepanga Mwananyamala, Dar es Salaam, vyumba viwili na sebule, kodi shilingi 250,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mwaka 2019 nilinunua kiwanja Mlandizi, mkoa wa Pwani, kwa fedha yangu nikaanza kujenga kidogo kidogo. Sasa nyumba imepauliwa, vyumba viwili vina milango na madirisha. Umeme na maji bado, tutavuta tukiwa humo humo ndani. Nimemwambia mke wangu tuhamie, tuache kumtajirisha mwenye nyumba. Amekataa kabisa. Anashonashona hapa mtaani, nikamwambia hata Mlandizi watu wanavaa nguo. Jibu lake ni moja tu: "Nikaishi huko na nani?"

Naona anatiwa maneno na mama yake, anayekaa Magomeni. Kila siku yuko kwetu kwa kisingizio cha kumchukua mjukuu shule. Mwezi uliopita alitaka kuniweka kikao, nikainuka nikaondoka. Kazi yangu iko Posta, katikati ya mji, na kwa sababu ya foleni, siku za kazi nitakuwa najishikiza kwa rafiki yangu Kijitonyama, Ijumaa narudi kwa familia. Wenzangu wote wameshahamia kwao. Mke alinisaidia kidogo wakati wa kupaua, sikatai, lakini sasa ananikwamisha. Nimpe muda gani kabla sijaondoka na wanangu?

Baba wawili, Mwananyamala

Marahaba mwanangu. Pole na kodi. Milioni moja na nusu kuitoa kwa mkupuo, na miezi sita haijakaa vizuri mlango unagongwa tena, hilo linaumiza, na mtu aliyejenga hadi akapaua kwa mshahara wa mwezi hadi mwezi ni mtu wa kupewa mkono. Nakupa mkono. Sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimkasirikia mkeo, maana ndivyo ulivyoiandika, ili nimkasirikie. Mara ya pili nikafika kwenye neno Kijitonyama nikasimama. Umelipitisha haraka, katikati ya foleni na Ijumaa, kama mtu anayepitisha mzigo getini akiomba usikaguliwe. Kutoka Mwananyamala hadi Kijitonyama mtu anatembea kwa miguu. Kwa hiyo wewe huhami, baba. Wewe unasogea mtaa wa pili. Wanaohama ni mwanamke na watoto wawili.

Na mkeo alishakwambia. Alipouliza "Nikaishi huko na nani?" ulidhani anadharau Mlandizi. Alikuwa anakuuliza wewe utakuwa wapi.

Hebu tuipime hiyo safari. Nyumba yako, kwa ulivyoeleza, bila shaka iko ndani, maana kiwanja cha kando ya barabara kuu ungekitaja. Kwa hiyo ni bodaboda hadi barabarani, gari hadi Mbezi, Mbezi hadi Kimara, Kimara ndipo upate mwendokasi hadi Posta. Kilometa kama sitini kwenda, na sitini kurudi. Barabara ya Kimara hadi Kibaha wameipanua, sawa, lakini foleni ya jioni unaijua kuliko mimi. Utaamka saa kumi alfajiri, na nyumbani utaingia saa tatu usiku watoto wamelala. Hesabu hiyo uliipiga, ukaona mwili wako hauiwezi, ukajitafutia godoro kwa rafiki. Sikulaumu kwa kuchoka. Nakulaumu kwa sababu ulipopiga hesabu ya uchovu uliandika jina moja tu. Mkeo atabeba dumu za maji na mtoto wa miaka miwili mgongoni, ataamka usiku peke yake mtoto akipata homa, atatafuta bodaboda ya saa nane ya usiku mahali ambapo hamjui hata jirani mmoja kwa jina. Huo nao ni uchovu.

Nina haki ya kusema haya. Mimi na marehemu mume wangu tulihamia Kimara mwaka 1991, Kimara ya vichaka, nyumba haina dari, maji ya kuchota mbali, ndugu wakituita watu wa shamba. Yeye alikuwa anafanya kazi bandarini. Usiku mmoja nikasikia kitu kinajikokota juu ya mabati ya akiba tuliyoyaegesha ukutani. Nikawasha kibatari, nikaona mkia. Nilipanda kitandani na mtoto begani, kibatari mkononi, nikasimama hivyo sijui muda gani, miguu inatetemeka, hadi nikasikia kikohozi cha mume wangu nje. Alikuwa na kikohozi chake cha kuniarifu kwamba ni yeye, nisiogope. Ilikuwa saa nne na nusu ya usiku, ametembea kutoka barabarani. Alikuwa anachelewa, ndiyo, lakini hakuna usiku ambao hakurudi. Tuliiweza Kimara kwa sababu hiyo tu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu, na yako unataka kuiegesha Kijitonyama.

Sasa hili la "anashonashona". Umeniudhi. Mtu mwenye wateja, mwenye vitenge vya watu vilivyokunjwa na majina yamebandikwa kwa pini, anayekesha Januari akimalizia sare za shule, anashona. Kodi umeiandika hadi shilingi. Nimetafuta kwenye barua yako mahali ulipoandika chakula kinatoka wapi, ada ndogondogo, nepi, dawa, sijapaona. Naomba usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Mteja wa fundi cherehani anapatikana kwa miguu: anapita asubuhi kupimwa, jioni anapita kuuliza kama imeisha, na anakuja na shoga yake kwa sababu shati lilimkaa vizuri. Hao mkeo amewapata mmoja mmoja kwa miaka. Hawatapanda magari matatu kufuata pindo la gauni. Kweli Mlandizi watu wanavaa nguo, na mafundi wao wanao. Ataanza upya, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mama mkwe wako namtetea waziwazi. Hiyo unayoiita kisingizio ni kazi. Mama mtu mzima anatoka Magomeni, anamsubiri mjukuu getini, anamshika mkono kuvuka barabara, anamvua viatu, anampa uji, ili binti yake amalize nguo za watu na wewe ukirudi ukute mtoto ameoga. Ungemlipa dada wa kazi kiasi gani kwa hayo? Akija siku hizo zote hukumwita mchochezi. Alipotaka kusema neno moja ndipo akawa mchochezi, nawe ukainuka. Mkwe haachwi amekaa na maneno yake mdomoni. Kwetu hilo ni kosa la kuombea radhi, awe sahihi au asiwe sahihi.

Tukija kwenye "fedha yangu" na "wanangu". Alikusaidia kidogo wakati wa kupaua. Mtu aliyejenga anajua kupaua ndipo wanaume wengi wanapokwamia, kuta zinanyeshewa miaka mitatu zinaota nyasi. Zile bati, nakisia, zilitoka kwenye mchezo wake au kikoba chake, maana ungekuwa nazo usingemwomba. Paa zima unaliita kidogo? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama karatasi ina jina moja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikwishasema kuwa hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na huyo wako ana kazi za nyumbani, ana cherehani, ana na bati. Na kuhusu kuondoka na watoto: sheria hiyo hiyo inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, mpaka uthibitishe vinginevyo. Wako wote wawili wako chini ya saba. Sijakwambia haya ili ukimbilie mahakamani. Nataka uliache hilo neno la kutisha kabla hujalitamka mbele yake, maana likishatoka halirudi.

Nikuulize kitu kingine. "Wenzangu wote wameshahamia kwao." Wenzako wapi? Siku hizi ndoa nyingi zinaendeshwa na watu wasioishi ndani yake. Picha ya paa jipya inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wanaume kabla mke hajaambiwa bati ni geji ngapi. Watu thelathini wanaandika hongera mkuu, na mwenye picha anaona aibu kuendelea kupanga. Wanaume mmejiambia kwamba mpangaji si mwanaume kamili, basi mtu yuko tayari familia yake ilale kwenye sakafu ya vumbi, mradi aseme niko kwangu. Na wanawake nao wapo, nimewajibu hapa mara nyingi, wanaomsukuma mume ahame hata kabla ya choo kuchimbwa, kwa sababu mwenzake wa kikoba amehamia kwake Kigamboni. Halafu mnazaa kitu kinaitwa ndoa ya wikiendi. Baba anakuwa mgeni wa Ijumaa, anakuja na mkate na soda, watoto wanamkimbilia, Jumapili jioni anaaga. Mtoto anayemwona baba yake siku mbili kwa wiki anamzoea kama anavyomzoea mjomba. Wazazi wetu walikaa mbalimbali kwa sababu ya kazi za reli na mashamba ya mkonge, hawakuwa na la kufanya. Nyinyi mnaipanga wenyewe, na kuiita maendeleo.

Kuhama kwenyewe sikukatazi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni nne na laki tatu na zaidi Dar es Salaam, ya 2022 ikakuta wamepita milioni tano na laki tatu. Lazima watu watoke, na wanatoka, Kibaha, Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo. Mtoto wako wa miaka sita atapata uwanja wa kukimbia ambao Mwananyamala hana. Mkeo naye simwoni kama mtu aliyekataa Mlandizi milele, maana aliyekataa milele haulizi swali.

Basi kodi hii ya miezi sita ilipe, inakuuma lakini ilipe, na uitumie kama muda wa kuiandaa nyumba. Vuta umeme kwanza, usiishie kusema nguzo iko karibu. Mtambo wa Ruvu Juu unaopeleka maji Dar uko hapo hapo Mlandizi, lakini hilo halijazi ndoo ya mkeo; nenda ofisi ya maji ujue bomba liko umbali gani na kuunganishwa ni kiasi gani, na kama ni mbali weka simtanki la kukinga maji ya paa kabla ya masika. Choo kiwe na mlango. Hiyo karatasi ya mauziano nayo, kama kiwanja hakijapimwa, anza taratibu za kupimwa, na siku ya kuandika hati yaandikwe majina mawili. Ukisikia treni ya umeme ya SGR inasimama Soga usijipe moyo kabla hujaenda kutazama ratiba na kuona bodaboda ya kukufikisha kituoni inadai ngapi kila siku. Mtafutie mkeo fremu Mlandizi barabarani, penye shule karibu. Akienda Oktoba kuchukua oda za sare, Januari atakuwa na wateja, na mtoto atahamia shule mwanzo wa mwaka kama watoto wengine.

Kabla ya hayo yote, kalale wewe. Chukua godoro ulilokuwa unalipeleka Kijitonyama, lipeleke Mlandizi. Lala huko Jumatatu hadi Ijumaa kwa mwezi mmoja, uende Posta na urudi, uchote maji yako, ujue majirani kwa majina, ujue zahanati iko wapi na usiku inafunguliwa au la. Mkeo na wanao wabaki Mwananyamala na bibi yao. Mwezi ukiisha na bado unaona inawezekana, utakuwa na la kumwambia mkeo ambalo leo huna. Na kama utaona haiwezekani kwa mtu anayefanya kazi Posta, basi ipangishe hiyo nyumba, kodi yake ikusaidie kulipa ya mjini, hakuna atakayekunyang'anya.

Jumapili hii nenda Magomeni. Usiende mikono mitupu, beba kilo mbili za sukari na kanga. Nenda peke yako, bila mkeo, ukae chini, umwambie mama shikamoo, umwombe radhi kwa kuinuka siku ile, kisha umwombe akueleze alilokuwa anataka kusema. Simu uiache kwenye gari, au mfukoni imezimwa, na usimkatishe hadi amalize.