Jina la mmea liingie kwenye jalada kabla kilima hakijachimbwa

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisindikiza vijiji vya pembezoni mwa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), upande wa barabara ya Likasi, katika mikutano inayoitishwa na kampuni za madini kabla ya kufungua machimbo. Nilisomea sheria, si elimu ya mimea, na kosa langu la kwanza lilitokana na hilo: niliamini kwamba spishi iliyo hatarini kutoweka inalindwa kwa kuwa sheria imeagiza ilindwe.

Wazee wa huku wakiona kilima kipara katikati ya msitu wa miombo, wanajua kwamba chini yake kuna shaba, kwa sababu udongo wenye shaba nyingi huua miti na nyasi za kawaida. Mimea inayostahimili sumu hiyo ni michache. Mmoja wao ni Haumaniastrum katangense, ambao wengi wetu tunauita ua la shaba, na ambao umewasaidia wanaakiolojia kutambua mahali palipokuwa na tanuru za kale za kuyeyushia shaba. Katika vilima hivi vya Katanga kuna zaidi ya aina 30 za mimea zisizopatikana penginepo duniani. Pundamilia akifukuzwa anaweza kuhamia bonde jingine, lakini mimea hii haina pa kwenda, kwa kuwa udongo wake ndio madini yenyewe yanayotafutwa. Isitoshe, Mbuga ya Upemba, iliyoanzishwa 1939, na ile ya Kundelungu ya 1970 haziwezi kuisaidia sana, maana vilima vingi vya shaba viko nje ya mipaka yake.

Katika kijiji cha kwanza nilichosindikiza, tulizungumza na kampuni kuhusu maji, ajira na vumbi la malori, na hakuna aliyetaja mimea, mimi nikiwa wa kwanza kunyamaza. Niliposoma tathmini ya athari kwa mazingira, ilikuwa imekwisha kuidhinishwa. Orodha ya mimea ilijaa ukurasa mmoja tu, na wataalamu walikuwa wamepanda kilimani mwezi wa Agosti, wakati moto wa kiangazi umekwisha kupita na mimea ya msimu mmoja imekauka zamani. Nilipokwenda kulalamika ofisini nilijibiwa kwa upole, «Mama, jalada limekwisha kupitishwa.» Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa hatukuwa tumeandika chochote.

Sheria haikuwa imekosekana. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira salama. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, katika kifungu cha 21, inadai tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi, na kifungu cha 24 kinadai wananchi wasikilizwe kwanza. Sheria namba 14/003 ya Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa asili inahusu mimea pia, ingawa watu wengi huisoma kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya sokwe na tembo peke yao. Lakini afisa anayepitisha jalada hupima kilichoandikwa ndani yake, na mmea usiotajwa hauna mtetezi mezani pake.

Kwa hiyo, ukisikia kwamba watu wameonekana kilimani na vyombo vya kupimia, anza na ramani ya Cadastre Minier, yaani ofisi ya serikali inayosajili leseni za madini; ramani hiyo iko wazi kwenye intaneti. Leseni zimechorwa humo kwa miraba, na kila mraba una takriban hekta 85, kiasi kwamba kilima kizima chenye mimea adimu kinaweza kuenea ndani ya mmoja tu. Tazama aina ya leseni: ya utafutaji hudumu miaka 5, ya uchimbaji miaka 25. Ikiwa bado ni ya utafutaji, unao muda wa kujiandaa, na muda huo utumie kwa miguu.

Panda kilimani zaidi ya mara moja, hasa mvua zinapoelekea kwisha, mwezi wa Machi au Aprili, kisha urudi kiangazi. Nenda na akina mama wanaochuma dawa, kwa maana wao hutofautisha mimea ambayo mimi naiona yote kuwa majani. Piga picha zenye tarehe na vipimo vya mahali, kisha uzipeleke kwa wataalamu wa kilimo na mimea wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakupe jina la kisayansi. Bila jina hilo barua yako itasomwa kama manung'uniko.

Barua yenyewe iwe fupi, na nakala yako ipigwe mhuri wa kupokelewa, kwa kampuni na kwa Agence Congolaise de l'Environnement, wakala wa serikali unaopitia tathmini za mazingira. Omba mambo yanayopimika: sehemu ya kilima isiguswe, udongo wa juu uhifadhiwe kando, mbegu zikusanywe kabla ya kuchimba, na gharama zake ziandikwe katika mpango wa usimamizi wa mazingira. Jihadhari na mabadilishano. Tuliwahi kuahidiwa madarasa ikiwa tutaacha habari za maua, ilhali fedha za maendeleo ya jamii, angalau asilimia 0.3 ya mauzo, ni wajibu tangu Kanuni ya Madini iliporekebishwa Machi 2018, wala hazinunuliwi kwa ukimya.

Mkichelewa kama tulivyochelewa sisi, kumbukeni kwamba mpango wa mazingira hupitiwa upya kila baada ya miaka 5. Tulingoja hadi wakati huo, tukapeleka picha, majina na barua zenye mihuri, na kipande cha mteremko wa mashariki kikazungushiwa waya. Ni kidogo kuliko tulivyoomba, na upande wa magharibi umekwisha kuwa shimo. Aprili iliyopita nilipanda tena na mama mmoja mzee wa kijiji. Alihesabu mashina ya ua la shaba ndani ya waya, akafika arobaini na saba, kisha akanituma nikahesabu yaliyoota nje, karibu na njia ya malori, ili nayo yaingie kwenye barua inayofuata.