Kwenda Tamasha la Metali kwa Ajili ya Bendi Moja

Mtu anayenunua tiketi ya tamasha la metali, yaani muziki wa roki mzito wenye magitaa ya kishindo, lenye bendi sita kwa ajili ya bendi moja tu hapotezi fedha zake, ilimradi aipange siku yake yote kwa ajili ya muda huo mfupi. Bendi ya metali ya Black Sabbath walipoaga mashabiki tarehe 5 Julai 2025 katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, jukwaani zilikuwa zimekwisha kupita bendi za Mastodon, Gojira, Slayer, Metallica na nyingine nyingi tangu mchana, na wenyewe walipopanda walipiga nyimbo nne tu. Aliyewajia wao peke yao alisubiri kutwa nzima kwa ajili ya nyimbo hizo, nami naamini kwamba kama aliufikia wimbo wa kwanza akiwa na nguvu, masikio mazima na akili iliyotulia, hakupunjwa.

Kwanza ijue saa. Katika mabango ya matamasha haya, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa juu kabisa kwa kawaida ndilo la bendi itakayofunga, na majina madogo ya chini ndiyo yanayotangulia. Bendi ya mwanzo mara nyingi hupewa nusu saa, ilhali bendi kuu hupiga kwa saa moja na nusu hivi. Saa iliyochapishwa kwenye tiketi aghalabu ni ya kufunguliwa milango, si ya kuanza muziki, kwa hiyo itafute ratiba kamili katika kurasa za bendi au za ukumbi. Ikiwa bendi yako ndiyo inayofungua, foleni ya ukaguzi inaweza kukukosesha nusu ya onyesho lake, basi wahi mapema. Ikiwa ni ya mwisho, usikimbilie mbele tangu mwanzo, kwa maana saa nne za kusimama umebanwa kwenye kizuizi cha mbele ya jukwaa, bila maji wala nafasi ya kwenda msalani, zitakufikisha kwenye wimbo uupendao ukiwa hoi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni masikio. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini, sauti ya desibeli 85 huvumilika kwa saa nane, na kila inapoongezeka desibeli tatu muda huo hupungua kwa nusu, hata kufikia desibeli 100 ukawa umebaki dakika 15 tu. Tamasha la metali huvuka kiwango hicho kwa urahisi, tena kwa saa nyingi. Mbali na madhara ya kudumu, kuna hasara ya usiku uleule: sikio lisilokingwa huchoka na kufifia, na bendi yako inapopanda, matoazi yamepoteza mng'ao na magitaa mawili yamekuwa mngurumo mmoja. Kwa sababu hiyo mimi huvaa vizibo vya masikio kuanzia bendi ya kwanza, hata kama siijui. Vile vyenye kichujio hupunguza sauti nzito na nyembamba karibu kwa usawa, hivyo muziki haubadiliki sana. Vya sponji pia vinafaa vikivaliwa sawasawa: kisokote kati ya vidole hadi kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole mpaka kitanuke.

Kuhusu mahali pa kusimama, wengi hudhani kwamba mbele kabisa ndipo pazuri kusikilizia. Hapo husikika zaidi ngoma na vikuza sauti vya magitaa vilivyo jukwaani, huku sauti ya mwimbaji ikipita juu ya kichwa chako kutoka kwenye spika kubwa. Karibu na meza ya fundi wa mitambo ya sauti ndipo unaposikia takriban kile anachokisikia yeye. Mimi hukaa huko wakati wa bendi zinazotangulia, kisha husogea mbele vyombo vinapobadilishwa, kwa kuwa mashabiki wa bendi iliyomaliza huondoka kwenda kunywa maji na kuacha nafasi. Duara la kusukumana, ambamo mashabiki hucheza kwa kugongana, likifunguka katikati nawe hulitaki, pita pembeni. Ukiingia, funga kamba za viatu kwa fundo mbili, na aliyeanguka mnyanyueni papo hapo; hiyo ndiyo adabu kuu ya mashabiki wa metali, nami naiheshimu mno.

Bendi nyingine zisikilize kwa haki. Mara nyingi bendi kuu huwa na kauli katika kuzichagua, na bendi ya polepole, yenye magitaa mazito, ambayo sikuwahi kuisikia kabla, iliwahi kunishika tangu mapigo yake ya kwanza. Kuita jina la bendi yako wakati wenzao wanapiga ni utovu wa heshima. Zaidi ya hayo, bendi nyingi ndogo hutegemea mauzo ya fulana ili kuendelea na ziara. Ukitaka fulana, inunue mapema, kwani saizi za kawaida huwahi kwisha.

Kula kabla ya kuingia, na hakikisha unajua usafiri wa mwisho unaondoka saa ngapi. Nyimbo za mwisho ndizo zile ambazo bendi huziweka akiba, na ni uchungu mtupu kuzisikia kwa mbali ukiwa unatembea haraka kuelekea kituoni.