Usikimbilie Kuinua: Kwa Wanaoanza Upelelezi wa Chini ya Maji

Wengi wanaojiunga nasi hapa Mombasa huja wakijua kupiga mbizi vizuri. Hilo ni jema, ila kupiga mbizi ni njia ya kufika kazini tu. Kazi yenyewe ni upelelezi, na masharti yake ni yaleyale ya nchi kavu: usiondoe kitu kabla hujaandika kilikuwa wapi na kilikaaje.

Kule bandarini Kilindini mara nyingi hutauona hata mkono wako. Ukitua kwa kishindo tope linatibuka, na hapo macho hayakufai tena. Utapapasa kwa vidole huku umeshika kamba, ukizunguka nanga kwa duara au ukifuata mstari kati ya nanga mbili. Vidole vikigusa kitu, simama. Funga boya, pima, andika kwenye kibao, ndipo usogee.

Saa ya kuzama huipangiwi na mkubwa wako, wapangaji ni maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo ni mkali. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni afadhali. Vizia pale maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa. Wavuvi wa Likoni wanayajua haya tangu utotoni, waulizeni kwa adabu.

Gari lililotumbukia na mama na bintiye kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni tarehe 29 Septemba 2019 lilipatikana kwenye kina cha mita 58 hivi, likatolewa tarehe 11 Oktoba. Uchungu wa waliokuwa wakisubiri ufukoni ulikuwa wa haki kabisa. Lakini kwenye kina hicho mgandamizo ni karibu mara 7 ya ule wa juu, naitrojeni iliyo kwenye hewa unayovuta inalevya, muda wa kukaa chini ni mfupi mno na kupanda ni kwa kusimama vituo njiani. Wazamiaji wa burudani mwisho wao ni mita 40. Usikubali kuharakishwa na yeyote.

Ukilifikia gari, kabla ya kufunga nyaya angalia: vioo viko juu au chini? Gia iko wapi? Funguo, swichi ya taa, mikanda? Likishaanza kuvutwa, maji yanayomwagika yanazoa vitu na milango inajifungua. Hakimu atakuuliza kama ilikuwa ajali, na jibu hulipati tena gari likishafika gatini.

Bastola usiipanguse. Itie kwenye chombo pamoja na maji yaleyale ilimolala, maana ikipata hewa kutu inaanza kuila. Wala usikate tamaa na alama za vidole: kwenye kioo na chuma chenye uso laini huweza kubaki hata baada ya kukaa majini.

Mwili ni amana ya watu. Ufunge humohumo chini, kwenye mfuko unaochuja maji, na mikono ifunikwe kwanza kwa sababu chini ya kucha huenda mna ushahidi. Kisha chota chupa ya maji na tope kidogo la palepale, uviandike namba moja na mwili. Daktari atavihitaji akitaka kulinganisha na atakachokikuta mapafuni.