Mwanga wa buluu na harufu ya klorini wakati wa tiba ya mionzi

Dada, poleni kwa safari ndefu ya kutoka Ujiji hadi Dar es Salaam, na umwambie mama, ambaye umeniandikia kwamba huona mwanga wa buluu na kusikia harufu ya klorini anapotibiwa kwa mionzi, kwamba haoni mauzauza. Mwanga wa buluu anaouona chini ya mashine, hata akiwa amefumba macho, upo kweli: chembe zenye chaji zinazozalishwa na mionzi hupita ndani ya ute wa jicho kwa mwendo unaouzidi ule wa mwanga katika ute huo huo (si katika ombwe, ambako mwanga haushindwi), na hapo hutokea mng'ao aliouchunguza mwanafizikia wa Kisovieti Pavel Cherenkov mwaka 1934 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Watafiti wa chuo cha Dartmouth, Marekani, wameunasa kwa kamera katika jicho la mgonjwa aliyekuwa akitibiwa.

Harufu ina utata zaidi. Wapo wanaoitaja gesi ya ozoni inayotokea hewani. Mimi naona kuna uzito zaidi katika maelezo kwamba mionzi huisisimua sehemu ya juu ya pua, iliko mishipa ya fahamu ya kunusa, kwa kuwa mara nyingi harufu hiyo ya klorini huja mashine inapowaka na kutoweka inapozimwa. Wale ndugu wa Kigoma wanaosema amechezewa basi wapumzike. Mama asitikise kichwa mwanga unapotokea. Awaeleze wahudumu kipindi kikiisha, na akiendelea kuona vimulimuli hata akiwa nyumbani, aonwe na daktari wa macho mapema.