Maswali yenu: mkimbizi, mwenyeji na gunia la unga

Kwa nini wakimbizi wale bure na sisi Mombasa tunauziwa unga kwa bei ya kuua? (Msomaji, Likoni)

Swali hili naletewa kila mara, linabadilishwa mtaa tu. Unga wako haukupandishwa bei na mama aliyeketi Ifo, kambi ya wakimbizi huko Dadaab. Na huyo anayekula bure, anakula nini? Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao kwenye kambi za Kakuma, kule Turkana, na Dadaab, kule Garissa. Ilipofika Agosti, Kakuma watu waligawanywa mafungu kwa kadiri ya shida zao, wengine wakatoka mikono mitupu. Hata kibarua hawezi kuja kukitafuta bandarini kwetu, maana hatoki kambini bila kibali. Umemfunga mbuzi kamba fupi, kisha unamlaumu kwa kutokula majani ya mbali.

Nina magunia matatu ya nguo kuukuu, niyafikishe vipi Dadaab? (Bi. M., Majengo)

Yauze sokoni Kongowea, upeleke pesa.

Serikali inasema kambi zitageuzwa miji. Wenyeji watapata nini? (Mwalimu, Changamwe)

Alhamdulillahi, swali la mtu aliyefikiri. Mpango wenyewe unaitwa Shirika, ulizinduliwa Machi 2025. Unataka Dadaab na Kakuma ziache kuwa kambi, ziwe makazi ambamo mkimbizi na mwenyeji wanatumia shule moja na zahanati moja. Mimi nauunga mkono. Dadaab ipo tangu 1991, Kakuma tangu 1992. Waliozaliwa humo sasa wana watoto wao, na bado wanahesabiwa kama wageni wa muda.

Lakini Mturkana wa Kakuma na mtu wa Garissa wana haki ya kuuliza. Kuni zimekatwa kwao, maji yamechotwa kwao, na kwa miaka mingi walichoonjeshwa ni semina na chai ya saa nne. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 100 kwa ajili ya wenyeji wa Garissa, Wajir na Turkana. Vizuri, ila ule ulikuwa mkopo. Mkenya atalipa, hata wewe wa Changamwe. Basi usiache kuuliza kisima kimechimbwa wapi na nani alipewa zabuni.

Kilichofanya kazi tunakijua. Mwaka 2015 huko Kakuma ilianzishwa Bamba Chakula: familia ilitumiwa salio la chakula kwenye simu, ikaenda kununua dukani. Wenye maduka walikuwemo wakimbizi na walikuwemo Waturkana. Pesa ikazunguka palepale, badala ya kila kitu kufika na lori kutoka mbali. Ndiyo maana nasema kila siku: mpe mtu pesa na ruhusa ya kufanya kazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inaitambua haki hiyo ya kazi, lakini vibali vinatoka kwa mwendo wa kobe. Mpango wa Shirika ukitekelezwa bila kibali cha kazi mkononi, tutakuwa tumebadilisha kibao cha kambi tu.

Kuna bwana anataka laki moja amtie shemeji yangu kwenye orodha ya kwenda Canada. Ni kweli? (Msomaji, Kisauni)

Mwizi huyo. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, haitozi hata senti, na wanaohamishiwa nchi ya tatu hawafiki mmoja kati ya mia kwa mwaka, dunia nzima. Nenda polisi leo, na shemeji asimpe nakala ya kitambulisho.

Nasikia Mombasa iliwahi kuwa na kambi. Wapi? (Kijana, Bamburi)

Utange, kijana wangu, mlango wa pili kutoka kwako! Somalia ilipovunjika 1991 watu walikuja kwa mashua, wakiwemo Wabarawa wenye jamaa zao Mji wa Kale. Palikuwa na Utange, Benadir na Hatimy. Zikafungwa miaka hiyohiyo ya tisini, wengi wakapelekwa Kakuma na Dadaab. Na 2001 Wapemba wakatukimbilia Shimoni baada ya waandamanaji kuuawa kwao mwezi Januari. Kwa hivyo wanaosema wakimbizi ni habari za bara, wawaulize wazee wao.

Mpangaji wangu ana kitambulisho cha mkimbizi. Nimfukuze? (Mwenye nyumba, Mishomoroni)

Mwambie akuonyeshe kibali cha kukaa nje ya kambi. Akiwa hana, aende Idara ya Huduma za Wakimbizi atengeneze mambo yake. Na kodi iwe ileile ya wapangaji wengine. Nawajua nyinyi mnaoongeza elfu mbili kwa sababu mtu anaogopa polisi.