Nesi wa zamu analipwa kuamshwa: maswali yenu kuhusu kusafisha damu nyumbani

Barua za safari hii, kutoka kwenu ambao figo zimeshindwa kusafisha damu, karibu zote zina hofu moja: nikiwa nyumbani, nani yuko nami? Najibu kama mgonjwa mwenzenu. Huu ni mwaka wangu wa 6 na mpira wa tumboni, yaani bomba laini la kupitishia maji ya kusafisha damu. Dawa na vipimo vyako muulize daktari wako.

Daktari amenipa nichague: mashine ya hospitali mara 3 kwa wiki, au nijisafishe nyumbani kupitia tumbo. Nitaweza kweli?

Kama macho yanaona na mikono haitetemeki sana, utaweza. Kama sivyo, mtu wa nyumbani hufundishwa. Maji maalumu, aghalabu lita 2, huingia tumboni kwa mpira, hukaa saa kadhaa yakivuta uchafu na maji yaliyozidi mwilini kupitia utando wa tumbo, kisha hutolewa na kuingizwa mengine. Wengi hubadilisha mara 4 kwa siku, kila mara kama nusu saa. Wengine huunganishwa na mashine ndogo usiku, ikafanya kazi kwa muda wa saa 8 hadi 10 wao wamelala. Mafunzo huchukua kama wiki moja au mbili.

Siku yangu ya kwanza nilinawa mikono mara tatu, nikavaa barakoa, nikafunga dirisha, nikazima feni, halafu nikabaki nimekodolea macho kile kifuniko cha mpira kama bomu. Nesi kwenye simu ya video alininyamazia kidogo, kisha akasema, "Mzee, pumua kwanza." Wiki haikuisha, mikono ikawa inajiendea. Hapo sasa jihadhari, maana ukishazoea ndipo unaporuka kunawa.

Usiku maji yalitoka na ukungu, tumbo likiuma kidogo. Niliona aibu kumwamsha nesi saa 8, nikangoja kuche. Nilikosea?

Ulikosea, sikufichi. Maji yenye ukungu yahesabu kuwa ni maambukizi ya utando wa tumbo mpaka maabara iseme vingine. Uweke mfuko wa maji yaliyotoka juu ya gazeti, usome kupitia maji hayo. Herufi zikififia, piga simu saa ileile, uwe na homa au usiwe nayo. Maji usiyamwage, nenda na mfuko wenyewe, wataupima. Antibayotiki haingoji asubuhi, na nesi wa zamu analipwa kuamshwa. Mimi nimeshamwamsha kwa mambo ya bure mara mbili na bado tunasalimiana.

Mashine yangu hutuma taarifa hospitali kila asubuhi. Bado niandike daftari?

Andika. Mashine inajua maji yaliyoingia, yaliyotoka na king'ora kililia mara ngapi. Haijui kwamba soksi zimekuachia alama ya kubonyea mguuni, wala kwamba una siku tatu hujapata choo. Hilo la choo si dogo: utumbo uliojaa huubana mpira, maji yakagoma kutoka. Nilikesha usiku mmoja nikigeukia ubavu huu na huu, king'ora kinalia, naitukana mashine, kumbe ni tumbo langu limefunga.

Namba nazo zina faida yake. Kuna wakati nilipanda kilo 2 kwa siku tatu. Nesi aliyeko mbali akapiga kuuliza habari za chumvi. Nikajifanya simsikii vizuri. Alikuwa amenipatia.

Paka wetu amezoea kulala kitandani kwangu. Ana ubaya?

Anao. Ana kucha na meno, na mpira wa mashine kwake ni kamba ya kuchezea. Alale nje ya chumba.

Mgonjwa ni mume wangu, lakini maboksi ya maji nabeba mimi, mashine naunganisha mimi, king'ora kikilia naamka mimi. Kila mtu anamuuliza yeye hali. Nimechoka na naona haya kusema.

Dada, sema. Simu ya video ijayo usisimame nyuma ukiwashikia simu. Keti mbele, umwambie nesi unalala saa ngapi. Anayeunganisha mpira akiwa hoi anaweza kumletea mgonjwa maambukizi, kwa hiyo usingizi wako ni sehemu ya matibabu. Kupima uzito na presha na kuandika daftari, mwachie mwenyewe kama anaweza. Uliza pia kama anaweza kupelekwa hospitali kwa muda ili upumzike. Huko si kumtupa.

Mke wangu alisema "hamna shida" miaka miwili. Usiku mmoja nikamwona ameshika mpira bila barakoa, anasinzia wima. Nilimnyang'anya, nikamaliza mwenyewe, na wiki ileile kijana wetu mkubwa akaanza mafunzo. Sasa Ijumaa na Jumamosi ni zamu yake. Mama yake hulala chumba cha mwisho, mlango kaufunga, na king'ora hakimfikii.