Barua kwa mwanangu: kabla hujamkata binti wa watu mshahara

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Baba yako goti linamsumbua asubuhi tu, jua likipanda analisahau na kwenda zake barazani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia hasira, ya pili nikasikia hesabu, ya tatu ndipo nikalisikia swali. Unasema bili ya maji ya mwezi huu imekuja uniti 38, na tangu mhamie hapo Kimara haijawahi kuvuka 12. Unauliza ulipe, au uende ukagombane nao ofisini. Halafu mwishoni ukateremsha sauti, nadhani baba watoto alikuwa karibu, ukasema unamshuku binti anayekusaidia kazi, kwamba anafua kila siku na bomba la uani analiacha wazi, na kwamba umeshaamua kumkata kwenye mshahara wa mwisho wa mwezi.

Nianze na huyo binti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo kubwa 50, zile za lita 20. Uniti 12 kwa mwezi ni lita 400 kwa siku, ndoo 20. Kwa nyumba ya watu watano wanaooga, wanaofua na kuflashi choo, hapo hakuna cha kulalamikia. Uniti 38 ni ndoo 63 kwa siku. Kwa hiyo kuna ndoo 43 za ziada kila siku ya Mungu. Hebu jaribu wewe kumwaga ndoo 43 toka asubuhi mpaka jioni kwa kuosha vyombo na kufua nguo za watoto wawili. Mgongo utakulaza kitandani wiki nzima.

Sasa hizo ndoo zigawe kwa saa 24. Ni kama lita 36 kwa saa. Kwa mkondo wa namna hiyo chupa ya nusu lita inajaa kwa sekunde 50 hivi, na mkondo wenyewe ni mwembamba kama njiti ya ufagio. Mtu hawezi kumwaga maji hivyo, usiku na mchana, mwezi mzima. Bomba linaweza.

Na ukitaka kujua kwa nini limeanza sasa, jibu umelisema mwenyewe bila kujua. Ulinipigia mwezi jana ukishukuru kwamba siku hizi maji hayakatiki. Mlipohamia palikuwa na mgao, yanakuja usiku wa siku mbili tatu kwa wiki, mnajaza simtanki, basi. Bomba likiwa na tundu, lilivuja siku hizo tu, na presha yenyewe ya kunyonyana na mtaa mzima. Sasa lina maji siku saba na presha yake. Tundu linaweza kuwa ni lile lile la zamani, mmelirithi na nyumba.

Mimi haya sikuyasoma mahali. Nilijifunza kwa kumkosea mtu.

Wewe ulikuwa darasa la tano au la sita, shangazi yako wa Pangani alipokuja kukaa kwetu na wajukuu wake wawili, mmoja anatibiwa masikio. Walikaa kama miezi miwili. Bili ikapanda, mwezi wa pili ikapanda tena. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa hosteli, nimezoea kuhesabu magunia na sabuni, nikajiona najua hesabu za dunia yote. Nikasema jikoni, makusudi kwa sauti ya kufika chumbani, kwamba wageni wengine hawajui kama maji ya mjini yananunuliwa. Wifi yangu hakujibu kitu. Kesho yake alfajiri alifunga mizigo yake, akanishukuru kwa yote, akaenda stendi na wajukuu zake.

Bili iliyofuata haikushuka. Ilipanda.

Ilikuwa kiangazi, majani ya uani yote yamekuwa rangi ya mkeka, isipokuwa pale kwenye kona ya mpapai, karibu na ukuta. Pale palikuwa kijani, na asubuhi nikawa naona konokono wamejipanga kama wamealikwa. Mpapai wenyewe ulizaa mwaka ule mpaka tukagawa. Mimi nikausifu mpapai! Alikuwa fundi aliyekuja kwa kazi nyingine aliyesimama pale, akabonyeza ardhi kwa kisigino, akaniuliza bomba linapita wapi. Akachimba kwa sururu, hata halijafika magotini, shimo likaanza kujaa. Pale plastiki ilipoungana na kipande cha bomba la chuma la zamani, chuma kilikuwa kimeoza, na maji yanaruka kijiti kimoja chembamba, yananyonywa na mchanga. Mchanga wetu huu wa pwani haukuonyeshi dimbwi. Unakunywa tu.

Nilinunua doti ya khanga nikaenda Pangani. Wifi alizipokea, akanipa chai na vitumbua, akaniuliza habari zenu mmoja mmoja. Nilipomaliza kuomba radhi akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki, wifi," akabadilisha mazungumzo. Mpaka leo tunazikana na kuozana, lakini hajalala tena nyumbani kwangu. Sasa unaelewa kwa nini ujumbe wako umeninyima usingizi.

Basi fanya hivi. Kwenye kile kiboksi cha mita pale getini, fungua mfuniko, fukuza mende, futa kioo kwa kitambaa. Utaona tarakimu nyeusi na tarakimu nyekundu. Nyeusi ni uniti kamili, hizo ndizo unazolipia. Nyekundu ni vipande vya uniti, na wengi hawaziangalii, ilhali ndizo zenye umbea wote. Mita nyingine zina vishale vyekundu kwenye viduara badala ya tarakimu, ni kitu kile kile. Kuna na kinyota kidogo, au kijigurudumu. Hicho kinazunguka hata maji yanayopita yakiwa ya kudondoka.

Usiku mmoja, subiri simtanki lijae kabisa ndipo ufanye kipimo. Hili usilisahau, maana tanki likiwa linajazwa mita itazunguka kwa haki yake, na utadhani umemkamata mwizi. Likijaa, funga mabomba yote, waambie watu wote wa nyumba, na saa nne piga picha ya mita kwa simu. Saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajatawadha, piga nyingine. Mtu akiamka kujisaidia asiflashi, atumie kopo, au akiflashi muandike. (Kwetu hapa kipimo hiki kinaharibiwa na baba yako, anaamka mara tatu.) Namba zikiwa zile zile, nyumba yako haivuji na shida iko kwenye karatasi. Zikiwa zimesogea kama lita 250, basi ndiyo ile njiti ya ufagio, saa saba mara 36.

Ikiwa imesogea, kesho yake funga koki ya maji yanayopanda tankini, ile iliyo chini ya mnara, halafu rudi getini ukaangalie kinyota. Kikiendelea kuzunguka, maji yanapotelea njiani, kati ya mita na tanki, au kwenye laini ya bomba la uani, kwa sababu hilo ulisema limeungwa moja kwa moja. Pita na kandambili polepole juu ya njia ya bomba, uangalie wapi pamelowana, wapi majani yamependeza kupita wenzake, wapi vigae vinatoa jasho. Kinyota kikisimama, tatizo liko tanki kwenda ndani. Hapo weka alama kwa chaki pale maji yanapoishia tankini usiku, koki ikiwa imefungwa bado, uangalie asubuhi kama yameshuka. Yakishuka bila mtu kuyatumia, ni choo au bomba la ndani ya ukuta. Yasiposhuka, wa kwanza kushukiwa ni boya, lile linaloelea tankini na kufunga maji tanki likijaa.

Boya likichakaa halifungi, tanki linajaa na kuendelea kujaa, na ziada inatokea kwenye lile bomba la kumwagia. Bomba hilo kwenu limeelekea wapi? Nilipokuja Idi nililiona limegeuzwa nyuma ya ukuta, upande wa kiwanja kisichojengwa. Likimwaga saa nane usiku nani atajua? Panda au mpandishe mtu, mwangalie kama upande ule ukuta una ukungu wa kijani.

Choo nacho kina siri zake, kwa sababu kinavuja ndani kwa ndani na maji yanaishia shimoni bila kulowesha sakafu. Chukua bluu ya kufulia, koroga kidogo, mimina kwenye lile tanki la nyuma, usiflashi nusu saa. Maji ya chini kwenye sinki la choo yakigeuka bluu, mpira wa kuziba ndani ya lile tanki umechoka. Mpira ni kitu cha bei ndogo, duka lolote la vifaa wanao, na usimruhusu fundi akuuzie choo kizima.

Karatasi yenyewe umeisoma, au umesoma jumla tu? Bili ina usomaji uliopita na usomaji wa sasa. Chukua ule wa sasa ulinganishe na tarakimu nyeusi za mita yako leo. Bili ikiwa na namba kubwa kuliko mita, hapo una kesi, kwa sababu mita hairudi nyuma. Angalia kama wameandika ni makadirio. Wakikadiria miezi miwili chini halafu siku moja wakasoma kweli, yote yanakuja kwa mkupuo, na unaweza kudhani umetumia mwezi mmoja yale ya miezi mitatu. Angalia deni la nyuma halikujumlishwa. Na angalia namba ya mita, ile iliyochongwa kwenye chombo, ifanane na ya kwenye bili. Kuna majirani wawili ninaowajua mimi walilipiana maji karibu mwaka mzima, mmoja ana bustani na mwingine anaishi peke yake, namba zilipishana siku ya kufungwa. Aliyekuwa na bustani hakuwahi kulalamika, bila shaka.

Watu watakwambia ni upepo. Si uongo, baada ya mgao hewa inatangulia kwenye bomba na inaweza kuizungusha mita. Lakini wewe huna mgao sasa, na upepo wa uniti 26 ungeng'oa paa.

Kuhusu kugombana, nenda ofisini, lakini nenda na picha zako mbili na bili za miezi ya nyuma, usiende na mdomo. Andika malalamiko, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Omba mita ipimwe kama kipimo chako kinaonyesha nyumba haivuji. Wakikuzungusha, EWURA, wale wanaosimamia huduma za maji na nishati, ipo kwa ajili hiyo, ila watakuuliza kwanza kama ulianza na mamlaka yenyewe na ulijibiwa nini, ndiyo maana nasisitiza muhuri. Na kama ni mvujo wa ndani ya geti lako, mwanangu, maji yamepita kwenye mita na ni yako. Hapo unachoomba ni kulipa kwa awamu, na unaomba kabla tarehe haijapita. Ukisubiri waje na spana kukata, utaomba ukiwa umesimama barabarani na majirani wanaangalia.

Mimi tangu ule mpapai nina daftari la kurasa 40 limening'inia kwa kamba nyuma ya mlango wa jikoni. Kila Ijumaa baada ya adhuhuri naandika tarehe na namba, nyeusi na nyekundu. Baba yako ananicheka, anasema nina ndoa ya pili na mita. Lakini Ramadhani iliyopita ilipanda nikajua ndani ya wiki moja, kabla ya bili, na ilikuwa koki ya bafu la wageni tu. Wewe una simu, huhitaji hata daftari, picha moja kila Ijumaa inatosha, tarehe inajiandika yenyewe.

Kazi ya kipimo mpe huyo binti afanye pamoja nawe. Mfundishe kusoma tarakimu nyekundu, mwache apige picha ya alfajiri yeye, maana ndiye anayeamka kwanza. Usimwambie ulichokuwa umekipanga.

Picha zote mbili nitumie, ya usiku na ya alfajiri. Saa kumi na moja nitakuwa macho kwa sala. Na mshahara wa mtoto wa watu usiuguse mpaka nimeziona.

Mama yako